Shimo Husomewa Mwenyewe

Masika yalikuwa na wiki ya tatu pale Mwalimu Esha alipoteremka kwenye bajaji, akaingia uani kwa Muharami Majaliwa, na kabla hata hajakunja mwavuli akasema, "Umenichimbia bakuli, fundi."

Muharami alikuwa amechuchumaa akinoa sepetu. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bakuli, nakwambia! Lile shimo la majitaka limejaa hadi mdomoni, sasa linatapika. Miaka thelathini na minne nimekaa bondeni kule Dar, kila mvua natoa godoro nje. Nikasema nikistaafu nitahamia mlimani, nisiyaone tena maji ya kuja mlangoni. Leo naruka uchafu wangu mwenyewe kwenda jikoni! Na kila ninayemuuliza nani kachimba, jibu moja: kachimba Muharami."

Ashatu, mke wa Muharami, aliyekuwa akichambua mchicha barazani, aliuacha mchicha. Alimjua mumewe. Matusi mume wake aliweza kuyameza, hata ya mama mzima aliyelowa. Kilichomkata maini ni yale maneno mawili ya mwisho.

Kazi ya kuchimba mashimo haina sifa. Shimo likiwa zuri hufunikwa, watu wakasahau kama kuna mtu aliingia humo akatoka na mgongo uliopinda. Likiwa baya, jina la mchimbaji hunuka pamoja nalo. Muharami alianza kuchimba akiwa na miaka kumi na saba, siku ambazo Mapinga hapa kilikuwa bado kijiji cha mihogo na mikorosho, na sasa alikuwa na arobaini na sita. Hakuwa na cheti wala duka. Alikuwa na jina tu: shimo la Muharami halibomoki, halifuriki.

Jina hilo lilitokana na desturi aliyojiwekea. Kila akishuka kiasi cha mkono mmoja, alitoa bonge la udongo, akalipanga juu ya gunia pembeni mwa shimo, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la mwisho la chini kabisa. Akimaliza humwita mwenye nyumba: "Njoo usomewe shimo lako." Hapo humpa kila bonge alishike. Huchukua kipande, akakilowesha kwa maji kidogo, akakiviringisha kama tambi, akajaribu kukikunja. Kikikatika, maji yatapita. Kikikunjika kikawa pete nzima isiyo na ufa, basi maji hayana njia, tafuta mahali pengine. Wapo waliocheka. Wapo mabwana wa viatu vinavyong'aa waliolishika bonge kwa vidole viwili kama wameshika panya. Lakini alihakikisha wote wameshika.

Nusu ya elimu hiyo alijifunza mwenyewe humo mashimoni. Nusu alipewa na dada mmoja mtafiti, Raya, aliyetoka chuo cha kilimo miaka kumi na mmoja iliyopita. Raya alimwajiri siku nne achimbe shimo la mraba juu ya Kilima cha Ngeu, kisha akaingia humo na kisu kidogo, akawa anautazama ukuta wa udongo kutwa kama mtu anayetazama kabati la vyombo. Siku ya kwanza Muharami alidhani dada wa watu amerukwa na akili. Siku ya tatu alikuwa naye humo shimoni, anauliza.

"Zamani sana," Raya alimwambia, "mchanga na mfinyanzi vilichanganyika hapa, juu mpaka chini. Lakini kila mvua ikinyesha, inachukua ule mfinyanzi laini kabisa, laini kushinda unga wa sembe, inashuka nao polepole kwenye vitundu vya udongo. Maji yakikauka, mfinyanzi unabaki huko chini. Mvua nyingine inaleta mwingine. Fanya hivyo miaka elfu nyingi."

Ndiyo maana juu pale mhogo hung'olewa kwa mkono mmoja, na ukishapita magoti sururu inalia kama imegonga kengele. Raya alivunja bonge moja, akamwonyesha mbavu zake: zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Huo ndio mfinyanzi ulioshuka ukajipaka tabaka juu ya tabaka. Wekundu ule, akasema, ni kutu ya chuma kilichomo ndani ya udongo.

"Na haya mabaka ya kijivu?"

"Hapo maji hukaa. Yakisimama muda mrefu udongo unakosa hewa, ile kutu inayeyuka, inaondoka na rangi yake. Hata uje Januari, jua linapasua vichwa na shimo kavu kama tanuri, mabaka yatakwambia: masika maji yalisimama hapa. Mtu anaweza kukudanganya, kaka Muharami. Haya hayawezi."

Maneno hayo hakuyasahau. Kwa hiyo mwezi Februari, Abdulwahab alipompigia simu akachimbe shimo kwenye nyumba mpya juu ya kilima hichohicho, alijua anakokwenda. Abdulwahab alikuwa dalali wa viwanja, kijana wa maneno mengi, mwenye kofia ya kufuma na simu mbili. Mwenye nyumba, alisema, ni mwalimu mstaafu, yuko Dar anafunga mizigo. Muharami akachimba. Alipofika kina cha kifua akayakuta mabaka, makubwa kama viganja vya mikono. Akapanga mabonge juu ya gunia. Mwenyewe hakuwepo, akamsomea dalali.

"Hapa pasijengwe shimo la majitaka, Abdulwahab. Pete imefunga. Mwambie mama wa watu."

Abdulwahab alikuwa na simu sikioni. "Nimekusoma, mzee baba. Nitamfikishia."

Muharami akakusanya zana zake akaondoka. Katika miaka ishirini na tisa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusoma shimo kwa mtu asiye mwenyewe.

Sasa, uani kwake, alimuuliza Mwalimu Esha taratibu, "Abdulwahab hakukwambia kitu?"

"Alinitumia picha. Shimo kavu, kuta zimesimama kama zimekatwa kwa kisu. Akasema tazama udongo ulivyo imara, na Muharami mwenyewe kapitisha."

"Mimi nilipitisha?"

"Ndivyo alivyosema."

Muharami aliweka sepetu chini. Ashatu akamwambia, "Vaa shati kwanza." Akavaa, akatoka.

Abdulwahab alikuwa na meza chini ya mwavuli kando ya barabara ya Bagamoyo, na bango lililoandikwa: VIWANJA MLIMANI, HAVITUAMISHI MAJI. Vijana wawili watatu wa bodaboda walikuwa wamejikinga mvua pamoja naye.

"Umesema nimepitisha lile shimo," Muharami alimwambia.

"Salamu kwanza, baba. Au hasira umelala nazo?"

"Nilikwambia pete imefunga."

"Pete!" Abdulwahab akawageukia vijana. "Msikieni Mkwere huyu, mwenyeji wenu. Anachimba choo anatafuta pete. Unamposa nani huko chini?" Wakacheka. "Mzee, tumia akili. Maji siku hizi yanapanda mlima? Watu wanakimbia mabonde, mimi nawapa kilima. Mama wa watu anaoga ndoo kumi, shimo limejaa, kosa la Abdulwahab?"

"Shimo limejaa maji ya mvua kutoka kwenye udongo. Huko chini maji hayapiti, yanakaa juu ya mfinyanzi kama chai kwenye kisahani. Kile kilima chote ni hivyo."

"Basi hukuchimba vizuri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, hukuambiwa utotoni? Jumamosi naleta Coaster nzima kutoka Dar, watu wa viwanja kumi na viwili. Ukitaka kazi ya kuchimba, njoo. Ukitaka kuhutubia, nenda msikitini."

Muharami alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huko hakupata hata kiti. Mwenyekiti alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamuuliza ana cheti cha kupima udongo. Hana. Basi si kazi ya mchimba vyoo kuwaeleza watu ardhi ipi inafaa. Wataalamu wamepita, mawe ya mipaka yamesimikwa, ramani ipo.

Ni kweli walipita. Muharami aliwaona kwa macho yake, na kamba zao na vyombo vya miguu mitatu. Walipima urefu, walipima upana, wakahesabu pembe, na hakuna aliyeinama akatia kidole ardhini. Kama vile ardhi ni uso tu, kitambaa cha kukatwa kwa mita! Mtu anakabidhi jasho la ujana wake wote kwa kiwanja, na katika msururu mzima wa wenye kalamu waliotia saini, hayupo hata mmoja anayejua kilichopo mkono mmoja chini ya soli ya kiatu chake. Anayejua ni mchimba vyoo, naye anaambiwa alete cheti.

Baada ya swala ya Ijumaa alipanda Kilima cha Ngeu na sururu begani. Alibisha hodi kwa Mwalimu Esha.

"Nataka ruhusa nichimbe kwako, pale mpakani, karibu na barabara."

"Bakuli jingine?"

"Ndiyo, Mwalimu. La kuonyesha watu."

Mama yule akamwonyesha njia ya kupita ili asikanyage uchafu.

Mvua ilikuwa imepumzika. Alichimba shimo jembamba la kina cha kifua, akapanga mabonge yake juu ya gunia, akayakomba maji yaliyochuruzika ndani. Kisha akamimina ndoo kumi za maji safi. Alasiri akasimika kijiti ndani, akakitia alama ya kisu maji yalipofikia, akazungushia tuta la udongo, akafunika kwa bati ili mvua isiongeze hata tone, na Mwalimu akaweka matofali juu ya bati kwa mikono yake.

Asubuhi Coaster ilipofika, watu kama ishirini waliteremka wakiwa wamevaa nguo za kutembea. Abdulwahab alikuwa mbele yao anaonyesha upepo, anaonyesha bahari kwa mbali. Mwalimu Esha akatoka na sauti ya darasani.

"Karibuni, majirani! Mandhari haikimbii. Njooni kwanza mtazame hapa."

"Jamani, tuendelee," Abdulwahab akasema. "Huyu fundi ana ugomvi wake na mimi."

Lakini watu wakisikia ugomvi husogea. Muharami hakuwa msemaji. Ulimi ulimwia mzito, akatazama mabonge yake, akaanza na neno lililokuwa zito kuliko yote.

"Shimo la huyu mama, linalonuka hapo nyuma, nimelichimba mimi. Na kosa nimelifanya mimi. Udongo ulinionya. Badala ya kumngoja mwenyewe nimsomee, nikamsomea dalali, nikaenda zangu. Leo nawasomea nyinyi."

Akainua bati. Maji yalikuwa yametulia chini ya alama ya kijiti kwa unene wa ukucha, basi. Alisema ndoo ngapi, alisema tangu saa ngapi. Kisha akampa bonge mwanamke aliyekuwa karibu, Sophia jina lake, aliyevaa viatu vyeupe. Sophia alisita, akavua pete za vidoleni, akaviringisha tambi ya udongo kama alivyoelekezwa, akaikunja. Ikafunga bila ufa.

"Haikatiki," akasema, kama mtu aliyetukanwa.

"Na haya mabaka," Muharami akaendelea, sasa ulimi umefunguka, "si ya jana. Ni ya masika ya babu zenu. Yalikuwepo Februari picha ilipopigwa."

Abdulwahab akacheka peke yake. "Mbona watu wamejenga na wanaishi?"

Upepo ukageuka ukitokea nyuma ya nyumba ya Mwalimu, na watu wakaziba pua.

Wengine walirudi ndani ya Coaster. Saba hivi walimfuata Abdulwahab upande wa pili wa kilima, ambako udongo ni uleule, maana mtu akishaota nyumba ni vigumu kumwamsha. Sophia aliondoka na bonge lake kwenye mfuko wa nailoni. Kabla ya adhuhuri mjumbe alileta karatasi: Jumatatu Muharami afike kwa mwenyekiti kujieleza kwa kuharibu biashara za watu. Kwa aliyetuma picha ya uongo haikuandikwa karatasi yoyote. Muharami aliikunja ile yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Utakwenda?" Mwalimu Esha akamuuliza.

"Nitakwenda. Nitapeleka na gunia."

Kisha akamweleza atakachofanya. Lile shimo lisitegemewe kunywa maji. Gari lije linyonye, libaki la kukusanyia tu. Mvua zikipungua atamchimbia mfereji mrefu usiofika magoti, kukingama mteremko, kule ambako udongo wa juu wa kichanga ni mnene, na migomba juu yake inywe. Siku za mvua kubwa bado itabidi atumie maji kwa huruma. Hakumwahidi zaidi ya hapo.

"Umenisamehe kwa lile neno la bakuli?"

"Lilikuwa bakuli, Mwalimu."

Akashuka kwenye mteremko, pale mfereji utakapopita, akapiga sururu mara tatu ili kuujaribu udongo, akatoa bonge la kwanza: jepesi, lenye mizizi, likamegeka mkononi. Akalilaza juu ya gunia. Halafu akageuka akaita kwa sauti ambayo hata watu wa upande wa pili wa kilima waliisikia, "Mwenyewe yuko wapi? Njoo usomewe!"

Mwalimu Esha akajifunga kanga kiunoni, akavua viatu, akashuka.