Mashine ya Moshi ya Shemeji

Tarehe tisa mwezi wa pili, siku ya Jumatatu, mchana, nilipoteza mke wangu. Alikufa kwa kifua, hapa Baraka, hospitalini, kwenye kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Muuguzi aliniuliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema alikuwa anakausha samaki kwa moshi. Akaandika kwenye karatasi yake, hakuuliza jambo lingine. Sitasema moshi ndio uliomuua, kwa sababu hakuna aliyeniambia hivyo, na mimi shule yangu iliishia darasa la sita. Nasema tu kwamba muuguzi aliandika, na nilimwona akiandika.

Ninachotaka kueleza ni habari ya mashine.

Mke wangu alikuwa na mdogo wake wa kiume. Huyo shemeji yangu alikimbia vita akiwa kijana, akakaa kambini ng'ambo ya ziwa, kisha wakampeleka Amerika. Miaka miwili kabla ya msiba alirudi kutembea, na katika mizigo yake iliyovuka kutoka Kigoma kulikuwa na chuma kimoja cheusi kilichobebwa na wanaume sita. Kilikuwa na tumbo refu lililolala kama nguruwe aliyeshiba. Upande mmoja kiliungwa na kisanduku kidogo cha kuwashia moto, upande wa pili kulikuwa na bomba la kutolea moshi. Mbele ya tumbo palikuwa na saa isiyosoma muda bali joto. Tena kilikuwa na magurudumu mawili, ambayo yalizama kwenye mchanga wetu kabla mwenyewe hajamaliza kuyasifu.

Alitueleza kwamba huko anakoishi, mtu mwenye heshima anakiweka nyuma ya nyumba. Siku ya Jumamosi anachoma nyama moja kuanzia asubuhi mpaka jioni, amekaa kwenye kiti, anaangalia ile saa.

Nikamuuliza, "Huyo muntu hana kazi?"

"Shemeji, hiyo ndiyo kupumuzika."

"Kupumuzika kando ya moto. Bibi zetu banapumuzika kila siku, basi."

Watu wakacheka. Nilikuwa hodari wa kuchekesha watu, wakati ule.

Mke wangu hakucheka. Wengine walikuwa wanapigapiga chuma kwa kiganja kama wanaonunua ng'ombe. Yeye aliinama kwenye kisanduku cha moto, akaenda akainama tena kwenye mlango wa tumbo, akaingiza mkono mpaka begani. Kisha akamuuliza mdogo wake swali moja tu.

"Moto iko huku, na samaki iko kule?"

"Ndiyo, dada. Moshi tu ndiyo inapita."

Lazima nieleze jinsi alivyokuwa anafanya kazi. Mimi nina boti yenye mota. Nilikuwa navuka hadi rasi ya Ubwari, nanunua samaki aina ya mikebuka kwa wavuvi, naleta asubuhi. Yeye anawapasua, anawaosha, anawapanga juu ya wavu wa chuma, na wavu uko juu ya pipa la mafuta lililokatwa katikati. Moto uko chini ndani ya pipa, samaki juu, na uso wa mke wangu juu ya samaki, maana kila mmoja hugeuzwa kwa vidole, la sivyo anaungua upande mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Wageni wa kanisani walidhani ni mlevi. Aliwahi kunyimwa nafasi ya kusoma masomo ya Jumapili kwa ajili hiyo, na sikwenda kumtetea.

Jioni ile aliniuliza kama tungeweza kukinunua. Shemeji alikuwa ametaja bei ya kindugu, na bei yake ya kindugu ilikuwa sawa na mota yangu. Nikamwambia, "Samaki sasa banataka nyumba ya chuma? Sisi wenyewe tunalala ya udongo." Akacheka. Alicheka kwa sababu nilicheka. Hakuuliza tena, na nilijisifu moyoni kwamba nimeokoa mota.

Shemeji hakupata mnunuzi. Aliporudi Amerika aliacha chuma chake kwenye baraza ya mkubwa wa ukoo, chini ya turubai, na kuku wakataga ndani ya kisanduku cha moto. Nilipopita pale nilikuwa nawaonyesha watu: tazameni, mali ya Amerika imepata kazi.

Alikuja tena mwezi wa sita, tulipojiandaa kutoa matanga. Alilia kaburini kwa kweli, hilo simnyimi. Siku ya tatu akanijia na bei ileile, hata baada ya kuku.

"Shemeji, siwezi kurudi nayo. Na dada yangu aliitaka hii kitu. Unajua aliitaka."

"Najua."

"Basi mununulie mutoto wako. Yeye ndiye anakausha sasa. Unataka naye afanye nini, akohoe?"

Nilitaka kumpiga. Mtu anayemchukua marehemu kumfanya wakala wa biashara yake hana haya, na mbaya zaidi ni pale anaposema kweli. Binti yangu, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amesimama kwenye pipa lile lile la mama yake. Macho yake yalishaanza.

Nikamwambia shemeji tutajaribu kwanza. Sasa niseme wazi kwa nini nilikubali. Sikukubali kwa ajili ya binti. Nilitaka kile chuma kiwe takataka. Kikiwa takataka, basi nilipomkatalia mke wangu nilikuwa na haki, na ningeweza kulala. Kikiwa kizuri, nilikuwa mtu aliyepima kifua cha mke wake na mota, akachagua mota. Kwa hiyo siku ile nilisali. Nilimwomba Mungu samaki waharibike.

Binti yangu alipanga mikebuka ya boti moja sehemu mbili. Nusu kwenye pipa, akamwachia jirani yetu ageuze. Nusu kwenye mashine, akasimama nayo mwenyewe. Shemeji alivaa aproni. Sijawahi kuona mwanaume wa kwetu akivaa aproni mbele ya watu, na niliifurahia sana ile aproni.

Mashine ilikula kuni kama wakimbizi wa siku ya kwanza. Ilitaka magogo makubwa, makavu, ya mti mgumu. Sisi tunanunua fito zilizofungwa kwa kamba. Kabla ya saa sita ilishamaliza kuni za juma zima. Saa yake ya joto ikaonyesha mia mbili na zaidi. Mwalimu mmoja aliyekuwa anapita akasimama.

"Maji inachemuka kwa mia moja," akasema. "Hapa mia mbili, na huyu mutoto anaingiza mukono bila kuungua. Hii saa inadanganya."

"Ni digrii za Amerika, mwalimu," shemeji akajibu.

"Hata joto yabo ni ya peke yabo?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Alasiri alikuja mama anayetununulia, yule anayepeleka samaki kwa wachimba dhahabu upande wa Misisi. Barabara ile humchukua siku nne, mvua ikinyesha hata saba. Hajui kusoma, lakini sijaona mtu aliyemdanganya. Anachukua samaki, anamsogeza karibu na sikio, anavunja mkia. Akavunja wa pipa: ka. Akamtupa kwenye kapu lake. Akachukua wa mashine. Alikuwa mzuri wa kutazama, rangi ya dhahabu, amenyooka, hana hata doa la kuungua. Akavunja mkia. Mkia ukapinda.

"Huyu ni wa kula leo," akasema. "Mi nikimubeba, nitafika na funza."

"Mama, onja kwanza," shemeji akasema.

Akaonja. Akamla mzima, akalamba vidole. "Tamu sana. Sipeleki."

"Huko kwetu, samaki kama huyu banalipa—"

"Kwenu huko, basi uza kwenu huko."

Na mimi nilionja. Sitadanganya: sijawahi kula mkebuka mtamu namna ile, katika maisha yangu yote ya ziwani. Lakini samaki wetu hafanyiwi utamu. Anafanyiwa safari. Mashine ilipika samaki, haikumkausha. Ilitengenezwa kwa watu wanaokula papo hapo, nyuma ya nyumba, Jumamosi. Kulipa mota kwa ajili ya hiyo ni ujinga, na nilimwambia shemeji hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti, nikitumia neno lenyewe. Alivua aproni. Nilimtazama akiikunja, na nilikuwa na furaha kuliko nilivyokuwa tangu mwezi wa pili. Nilikuwa na haki.

Siku ya kutoa matanga shemeji alichoma mbuzi wawili ndani ya mashine, na watu waliokula walisema marehemu ameheshimiwa. Kisha akaiuza kwa mwenye baa wa barabara kubwa, kwa bei ambayo hakutaka kuitaja, akaondoka. Niliona mambo yamekwisha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta binti yangu nyuma ya nyumba na jembe. Alikuwa anachimba mtaro, mwembamba, urefu wa hatua nne hivi, kutoka kwenye pipa kuelekea mgombani.

"Unazika nini?"

"Siziki kitu, Papa. Ile mashine ni bure. Ila mutu aliyeitengeneza alikuwa na akili moja tu, na hiyo moja hatuinunui."

Hakusimama kuchimba alipokuwa anasema. Alinieleza kwamba siku ile ya jaribio, kutoka asubuhi hadi alasiri, hakukohoa. Jirani kwenye pipa alikuwa anafuta machozi. Yeye alikuwa amesimama na macho makavu, na hakuna aliyeona, kwa sababu sisi sote tulikuwa tunatazama mikia. Moto ukiwa mbali, moshi unafika umetulia, na wewe husimami juu yake. Samaki walitoka laini kwa sababu mjomba alikuwa na haraka na alikuwa anaangalia saa. Wakiachwa siku mbili kwa moto mdogo watakuwa wagumu kama wa siku zote.

"Na bati ya kufunika mutaro?"

"Ile ya choo ya zamani."

"Na mawe?"

"Papa, tuko Baraka. Mawe inakosekana?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Jembe tulikuwa nalo, bati lilikuwa limelala nyuma ya choo tangu tulipojenga kingine, udongo ni udongo. Siku mke wangu alipoinama kwenye kile kisanduku akauliza, moto iko huku na samaki iko kule, alikuwa ameshaelewa yote haya. Hakuwa anaomba chuma. Aliomba chuma kwa sababu chuma ndicho kilichokuwepo mbele yetu, na kama ningemuuliza ni kitu gani amekipenda ndani yake, angeniambia, na ningechimba. Sikumuuliza. Nilisikia bei, nikajibu bei.

Kuhusu bei nilikuwa na haki, na bado ninayo. Mtu akiniuliza leo kama mashine ile inastahili mota, nitamwambia hapana, na nitamwonyesha mama wa Misisi awe shahidi. Ni haki ya kutupa kwa mbwa. Nimeishi na watu wengi niliowadharau, wenye baa, wenye aproni, wanaokuja na mizigo kutuonyesha tulivyo maskini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa na mwanamke mwenye macho yale kwa miaka yote ile bila kuchukua jembe. Huyo ni mimi peke yangu.

Nikainuka, nikampokonya binti jembe. Hakukataa. Tulipanga mawe bapa pembeni mwa mtaro, tukalaza bati, tukafunika kwa matope. Mchana aliwasha moto mgombani, na moshi ukatoka kwenye pipa, mwembamba, kama mtu aliyechelewa ibada. Mahali pawili ulivujia njiani. Akanionyesha kwa kidole, nikaweka matope, nikakandamiza kwa kiganja.

Siku ya tatu samaki walikuwa tayari, na mama wa Misisi aliwachukua wote bila maneno mengi.

Juma lililofuata jirani yetu, yule aliyegeuza samaki kwenye pipa siku ya jaribio, alikuja na mume wake kutazama. Alitembea kutoka mgombani hadi kwenye pipa na kurudi, akauliza, "Mulilipa ngapi?"

"Hatukulipa," binti yangu akamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akamgeukia mume wake. Ni mtu mzuri, tunavuka ziwa pamoja. Mume akakuna shingo, akasema ni kazi nzuri, kweli kabisa, na kwamba atafanya ya kwao mvua zikipungua, au akirudi kutoka Lweba, au mwezi ujao hivi.

Nilikwenda ukutani, nikachukua jembe langu, nikamwekea mkononi. Alilishika, akalitazama makali yake, akaniambia limekwisha, linataka kunolewa. Kisha akaliegemeza kwenye mgomba, akasema anakwenda mara moja kuona boti yake. Mke wake alingoja mpaka mume alipopotea nyuma ya nyumba, akalichukua, akaenda kwake.