Siku Gonga Aliponyamaza

Kaka yangu ni fundi wa vioo vya magari, na wateja wanamwita Gonga. Akishafunga kioo cha mlango, humwambia mwenye gari, "Gonga. Kwa ngumi, usikionee huruma." Kioo cha gari kimepikwa kwa moto mkali kikapozwa ghafla, kinavumilia, na kikishindwa humwagika punje punje kama mahindi. Kaka alikiringia, ungedhani amekizaa yeye.

Wezi waliponivunjia kioo, cha kufaa gari langu kilikuwa hakipatikani. "Kitaagizwa, dada, vuta subira." Subira niitoe wapi, na mvua inaingia mpaka kwenye kiti? Kaka hawezi kunikatalia. Tangu mama afariki ananidekeza kama kitinda mimba wake mwenyewe. Akachukua kioo cha dirisha la nyumba, akakikata, akakipachika. Kioo kilichopikwa hakikatwi. Hiki kilikatika vizuri mno. Hakusema nigonge. "Endesha polepole," alisema, "cha kweli kikija nitakubadilishia."

Cha kweli kilikuja. Kikakaa karakana kimeviringishwa blanketi, maana wateja ni wengi na dada ni mtu wa nyumbani, atangoja.

Pikipiki ilinigonga mlangoni kwenye makutano, wala si kwa nguvu. Mlango ulibonyea kidogo tu. Kioo kilipasuka vipande virefu kama visu, kimoja kikanichana kutoka sikioni hadi kidevuni.

Kovu nimelizoea. Kaka ndiye amenishinda. Akija kwangu hukaa upande ambao halionekani, na akinisalimia anatazama sakafu. Namtania, "Kwani sakafu ndiyo dada yako?" Hacheki. Hilo linaniuma kuliko jeraha lenyewe, nasema kweli. Nimempoteza kaka, naye yuko hapo hapo anakunywa chai yangu.

Juzi nililipeleka gari karakana, mlango bado nimeuziba kwa nailoni. "Nifungie kioo changu." Akakitoa blanketini, akakifunga, akakifuta kwa mkono wa shati. Nikasubiri aseme. Kimya. Basi nikakunja ngumi, nikakigonga mwenyewe kwa nguvu zangu zote.

Kaka aliruka akanifunika uso kwa kiganja. Kioo kilikuwa kizima. Hakuondoa mkono. Ulibaki pale pale juu ya kovu, naye, kwa mara ya kwanza tangu ajali, alikuwa ananitazama.