Kazi Yangu Ilikuwa Kubonyeza "Ruhusu"

Usicheke: niliajiriwa kubonyeza. Maabara yetu ya mtaa wa Mashimoni ilikuwa na programu ya kutuma majibu ya damu kwa imeli, yenyewe, bila mtu. Lakini kila ikitaka kutuma, kompyuta inashtuka: kuna programu inataka kutuma barua kwa jina lako, uiruhusu ama uikatae? Bosi, kwa kuogopa wezi wa mtandao, alikataa swali hilo lizimwe. Basi mashine ya kufanya kazi bila mtu ikatafutiwa mtu. Mtu mwenyewe mimi, na diploma yangu.

Siku hiyo dada yangu alikuwa kliniki huko Kawangware na binti yake mchanga, anachemka homa. Damu ililetwa kwetu na bodaboda asubuhi. Daktari alikuwa amesema hatoi dawa mpaka aone majibu, na majibu ya simu hapokei. Nikaganda kwa kompyuta, nikingoja swali litokee nibonyeze. Halafu tumbo likanivuruga, na choo ya plot, ile ya wapangaji wote, foleni yake si mchezo. Nikamwambia mama mboga wa pale mlangoni, "Mathe, niangalizie hapa kidogo." Ndivyo tunavyoishi, ukitoka, jirani anakuangalizia nguo kwa kamba, sufuria kwa jiko, hata mtoto.

Kurudi, namkuta kwa kiti changu, kifua mbele.

"Nimekataa zote! Kuna mtu humu anataka kutumia jina lako. Namwambia zii, anarudi. Zii tena!"

"Mathe, hiyo ni programu yetu!"

"Iende na huko."

Bosi akatoka ofisini akicheka kwa furaha. "Huyu ndiye anaelewa usalama," akaniambia, eti mimi nijifunze. Kumbe ukikataa sana, programu inajifunga mpaka fundi aje kesho na neno lake la siri. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba mpimaji aniandikie majibu ya mtoto kwa karatasi, agonge muhuri, nikatoka mbio.

Nilifika Kawangware shati limeshikana na mgongo. Daktari akasoma ile karatasi, akatoa dawa hapo hapo. Hata hakuuliza mimi ni nani.

Dada hakunishukuru. Alimnywesha mtoto dawa, kisha akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Kwani tangu asubuhi hukuwa na miguu?"