Alikuwa Akitokea Baa

Habari yenyewe niliiandika mimi, sentensi tatu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nikijitolea kwenye mtandao mmoja wa habari, kazi yangu ikiwa kupiga simu asubuhi, kuuliza yaliyotokea, kisha kufupisha. Mwanaume mmoja, mkazi wa Kinondoni, alikuwa amesombwa na maji ya mvua na kufariki alipojaribu kuvuka mtaro, akitokea baa maeneo ya Sinza. Jina lilikuwa bado halijatolewa. Niliisoma mara nne nikitafuta kosa, sikuliona.

Jioni niliporudi nikakuta turubai limefungwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yule mtu wa habari yangu alikuwa jirani yetu, mchoma nyama. Alichoma nyama katika baa hiyo kwa miaka tisa, na pombe hakuwa anaigusa. Alikuwa akisema moshi peke yake unamtosha.

Siku ya pili baba yake akafika kutoka mkoani. Wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki wakaniita.

"Wewe si msomi? Tuandikie wasifu wa marehemu."

"Leo digrii imepata kazi," mwingine akadakia. Wakacheka, kisha wakakumbuka walipo.

Wasifu ungesomwa kesho yake, kabla ya jeneza kutoka nyumbani, na mchungaji alikuwa ametoa dakika tatu. Nikaingia ndani kwa mjane ili anitajie ya kuandika. Alikuwa ameketi kwenye godoro pamoja na kina mama wengine. Akataja mwaka wa kuzaliwa, shule ya msingi, ndoa, watoto wawili. Halafu akashusha sauti.

"Mdogo wangu, baba mkwe ameonyeshwa kwenye simu kwamba mwanawe alikuwa anatoka baa. Ananiuliza ameanza ulevi lini, na mie nilimficha kwa nini. Hiyo kazi yake iandike. Iandike vizuri."

Sikumwambia kwamba habari hiyo niliiandika mimi. Nilikaa na karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikiandika "mpishi", wangesema tunaficha. Nikiandika "mchoma nyama wa baa", neno lile lile lingerudi tena. Nikamtumia mhariri ujumbe, nikimwomba aongeze maneno matatu tu: "alikokuwa akifanya kazi". Akajibu kwamba habari hiyo ilishapita, nani angeirudia.

Siku ya mazishi nilisoma mwenyewe, nikiwa nimesimama kando ya jeneza. Nikasema alikuwa mchoma nyama katika baa moja ya Sinza kwa miaka tisa, kwamba hakuwa mnywaji, na kwamba mauti yalimkuta akirudi nyumbani kutoka kazini. Mjane alikuwa akimtazama baba mkwe wake. Mzee alikuwa akitazama chini.

Tuliporudi kutoka makaburini nikamfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamweleza kwamba ile habari ya kwenye simu niliiandika mimi. Akavuta kiti, akanionyesha nami niketi.

"Ulikuwa unamfahamu mwanangu?"

"Ndiyo, baba. Ila sikujua kwamba ni yeye."

"Ungejua, ungeandikaje?"

"Ningeandika alikuwa anatoka kazini."

"Na angekuwa mtu usiyemfahamu?"

Hakungoja jibu. Alimwita mkwewe, akamwambia mbele yangu, "Mama, nilikuuliza vibaya." Mjane akaitikia kwa kichwa tu, akageukia watoto.

"Ile karatasi iko wapi?" mzee akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Nitaondoka nayo. Kule kwetu wote wameona ya simu, nitawasomea hii. Ile ya simu uliitia jina lako?"

"Hapana."

"Hii itie."

Nikaiweka karatasi juu ya goti, nikaandika majina yangu yote matatu.