Jina Nyuma ya Picha

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, saa tano asubuhi, nilikuwa uani nikihesabu viti na kuhangaika na turubai lililokataa kukaa sawa, nilipomwona mwanamke wa makamo akipita mlango wa mbele. Alijitanda mtandio wa kijani na mkoba ulikuwa begani. Aliingia ukumbini bila kutazama kushoto wala kulia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye picha kubwa ya ukuta wa mwisho, akasimama. Nikadhani ni mwalikwa aliyekosea saa. Nilimfuata nimwambie tunafungua saa kumi.

Hakunisalimu. Aliweka kidole kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya picha.

"Nani ameandika haya?"

Karatasi ilisema: Mwanamke wa Kimakonde, karibu na mto Ruvuma. Jina halijulikani.

Nilikuwa nimeiandika mimi. Nilikuja Mtwara kutoka Njombe miaka mitatu kabla ya siku ile, kazi yangu ya kwanza, kutunza vitu vya makumbusho ya sanaa na kuviandikia maelezo. Mwaka ule tulipokea sanduku la picha kutoka kwa watoto wa mhandisi mmoja wa kigeni, marehemu, aliyewahi kutengeneza barabara huku kusini. Alikuwa amepiga picha kila mahali, na nyingi zilikuwa za kawaida tu. Hii moja ilinishika. Mwanamke wa miaka kama arobaini, mashavu yamechanjwa chale, na kwenye mdomo wa juu amevaa ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo walichovaa wanawake wa Kimakonde wa zamani. Alimkazia macho mpigapicha kama mtu aliyeulizwa swali na hataki kulijibu. Mkurugenzi wetu alipoiona, alisema hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye mabango. Wiki mbili baadaye ilikuwa imebandikwa migongoni mwa bajaji mji mzima.

"Ni mimi," nilimjibu.

"Halijulikani kwa nani?"

"Picha ilitufikia bila maelezo, mama."

Huo ulikuwa uongo. Nyuma ya picha ile kulikuwa na maandishi ya penseli, majina mawili ya mtu na jina la kijiji. Nilipoyaona nilimpelekea mkurugenzi. Akasema penseli imefifia, tunaweza kukosea herufi tukaaibika, na zaidi ya hapo watu wanapenda kitu chenye fumbo. Sikubishana naye. Kijiji kilichoandikwa kiko njia ya Kilambo, si safari ya kumtoa mtu jasho. Ningeweza kwenda Jumamosi moja nikauliza. Sikwenda.

Yule mwanamke akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu ni mama yangu. Yuko hai. Leo asubuhi nimempigia simu, amekunywa uji."

Akanieleza kwamba ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini. Jana yake alikuwa amesimama na wanafunzi kando ya barabara wakingoja kuvuka, bajaji ikapita na bango, na mtoto mmoja akamvuta mkono akamwambia, "Mwalimu, ona zimwi." Alitaka picha ishushwe kabla mtu yeyote hajaingia. Hakutaka maelezo, na hakutaka barua ya kuombwa radhi.

Nilimpeleka kwa mkurugenzi. Alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, akampa pole. Akamweleza kwamba picha ile ni mali ya makumbusho kihalali, kwamba imo kwenye kadi zote za mwaliko, kwamba mgeni rasmi ataizindua yeye mwenyewe kwa kuvuta kitambaa. Akamwambia pia kuwa mama yake anapewa heshima, si aibu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama mkurugenzi angemtundika mama yake mwenyewe ukutani na kuandika kwamba jina lake halijulikani. Mkurugenzi akatazama saa. Mwalimu akaondoka, na sote wawili, nasema kweli, tulishusha pumzi.

Alirudi saa tisa, amebadilisha nguo, amevaa baibui jeusi kama aendaye msibani. Alichukua kiti kimoja cha plastiki pale uani, akakiingiza ukumbini, akakiweka mbele ya picha, akaketi akiipa mgongo. Kitambaa cheupe cha uzinduzi kilikuwa kimeshatundikwa, kikining'inia juu ya kichwa chake.

Mkurugenzi akamwita mlinzi amtoe. Mlinzi wetu alikuwa mtu wa huku huku, Mmakonde wa Nanyamba, mpole. Alikwenda hatua chache, akamwona aliyeketi, akarudi. "Bosi, yule kawafundisha wanangu wote watatu," alisema, akatoka zake kwenda kusimama getini, akabaki huko akiwa ameupa ukumbi mgongo.

Waalikwa walikuwa wameanza kufika. Walimu wa vyuo, watu wa bandarini na wake zao, maofisa waliovaa mashati ya vitenge. Waliingia wakicheka, wakamwona mwanamke mwenye baibui amekaa peke yake chini ya kitambaa, wakapunguza sauti. Wengine walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alitoa simu akataka kumpiga picha. Nikaenda kusimama katikati yao. Ndiyo sababu nilikuwa karibu naye, nami nikachuchumaa kumsihi, kama mkurugenzi alivyoniagiza, akubali angalau kuhamia pembeni mpaka hotuba zipite.

"Dada," aliniambia, "wewe unadhani nimekuja kwa hasira. Ngoja nikwambie."

Akanisimulia bila kugeuza uso, macho yakiwa mlangoni. Alipokuwa darasa la tatu mama yake alikuja shuleni kumletea muhogo wa kuchemsha. Watoto walimzunguka wakaivuta midomo yao kumwiga. Jioni ile yeye, mtoto wa miaka tisa, alilia akamwambia mama yake asije tena shuleni na mdomo ule. Baada ya muda mama yake aliitoa ndonya, na baadaye akaenda hospitali kushonwa tundu. Hawakuwahi kulizungumza.

"Hivi sasa mdomo wake una kovu tu," alisema. "Mimi ndiye niliyeuficha. Ninyi mmeutoa mkauzungusha mji mzima, halafu mnasema hamjui ni nani."

Nilijua kwamba nikinyamaza hapo, nitanyamaza daima. Nikamwambia kwamba tulijua. Kwamba jina la mama yake liko nyuma ya picha, kwa penseli, pamoja na kijiji, na kwamba nililisoma kwa macho yangu mwezi mzima kabla ya kuandika kile kikaratasi.

Hakufoka. Aligeuka polepole akanitazama, na nikatamani angefoka.

"Nionyeshe," alisema.

Nikaenda stoo kuchukua ngazi. Kwa haraka niliigonga ngazi kwenye fremu ya mlango, na watu wote wakageuka. Niliipanda, nikatoa kitambaa, nikaanza kuinua fremu kwenye misumari. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Nilipoteremka ngazi ya tatu nikahisi imeshikwa kwa upande mwingine. Mkurugenzi alikuwa amefika. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya waalikwa, lakini vidole vyake vilikuwa vimeiminya fremu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Irudishe," alisema kwa upole. "Gari la mgeni liko kwenye kona."

"Siwezi, bosi."

"Unajua unachokifanya?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba tukivutana kioo kitavunjika mbele ya watu, na yeye alijua hivyo hivyo. Tulikaa hivyo, mmoja huku mmoja huku, picha katikati, kwa muda ambao hadi leo siwezi kuukadiria. Nje tulisikia kikundi cha ngoma kikianza kumpokea mgeni. Mkurugenzi akaachia.

Niliilaza picha sakafuni kifudifudi. Mwalimu akapiga magoti. Hakuwa na miwani, akainamia karibu kabisa, akafuata herufi kwa kidole. Mhandisi alikuwa amekosea herufi moja, ameandika kama mgeni anavyosikia. Jina hilo siliandiki hapa, kwa sababu mwalimu aliniomba nisiliandike popote tena. Alilisoma mara mbili, mara ya pili kwa namna wanavyolitamka kwao. Kisha akainuka, akaweka baibui lake vizuri, akakaa tena kwenye kile kiti.

Mgeni rasmi aliingia, akapeana mikono na watu, akapelekwa mbele ya ukuta wenye misumari miwili. Akauliza kulikoni. Mkurugenzi akasema picha imepata hitilafu kidogo, inatengenezwa. Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma, akampa mwalimu mkono akidhani ni mmoja wetu, akaenda kuzindua picha nyingine, ya soko la samaki Mikindani. Hotuba zikaendelea. Watu wakala sambusa. Ningependa kusema kwamba kuna mtu alisimama akanena neno, lakini hakuna, hata mimi mwenyewe.

Jumatatu nilikabidhiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Niliijibu kwa ukurasa mmoja: kwamba jina lilikuwepo, kwamba nililiona, kwamba niliandika halijulikani. Sikumtaja mkurugenzi. Wiki ile ile nilizunguka vituo vya bajaji nikiwaomba madereva watoe mabango. Wengi walitoa bila neno. Mmoja alikataa, akasema limeziba tundu la turubai lake, nikalazimika kwenda kumnunulia kiraka.

Mwalimu aliniita mwenyewe, kwa ujumbe mfupi: twende kwa mama Jumamosi, uje na picha. Ile yenyewe nisingeweza kuitoa, kwa hiyo nilipeleka nakala kwa fundi wa studio, akaisafisha na kuitia kwenye fremu ndogo. Kadiri tulivyokaribia kijiji ndivyo alivyozidi kukunja na kukunjua pindo la mtandio wake, nikatambua kwamba yeye alikuwa na hofu kuliko mimi.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mama yake alikuwa ameketi barazani pembeni ya korosho zilizoanikwa kwenye mkeka, mwembamba, jicho moja lina ukungu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mkono bila kuuachia. Kovu kwenye mdomo lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Alizungumza Kimakonde, na mwalimu akanitafsiria, ingawa mara nyingine alichelewa kutafsiri na mara nyingine hakutafsiri kabisa.

Alipopewa picha aliisogeza kwenye mwanga, akaipeleka mbali, akairudisha karibu. Akasema anaikumbuka siku ile. Yule mgeni alimsimamisha juani huku amebeba maji, akamwahidi kumletea picha yake. Alingoja. Barabara ilipokwisha na magari yao yakaondoka, akaacha kungoja.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza kitu kwa Kimakonde, maneno machache, na sauti ikakatika katikati. Sikuhitaji kutafsiriwa swali. Jibu nilitafsiriwa baadaye, tukiwa nyuma ya nyumba, na alinitafsiria neno kwa neno, kama mtu anayesoma hukumu yake.

"Nimemuuliza kama aliitoa kwa sababu yangu. Kasema, 'Ndiyo, ni wewe. Ulilia. Ningefanya nini? Mdomo uliniuma mwaka mzima. Lakini shule ulimaliza.'"



Kabla sijaondoka nilimwomba mwalimu amuulize mama yake kama angekubali picha irudi ukutani, safari hii na jina lake. Bibi alifikiri. Akasema hapana. Mdomo ule hana tena, alisema, na watu wakiuona mjini watakuja hapa kuutafuta. Hii ndogo ibaki chumbani kwake. Ile kubwa tuifunike.

Nilipomfikishia mkurugenzi jibu hilo alisema ameelewa, na sijui kama alielewa. Adhabu yangu ilikuwa kuhamishiwa stoo hadi mwaka uliofuata. Huko nilitoa masanduku yote na kusoma migongo ya picha moja moja. Kuna majina zaidi ya nilivyodhani. Nimekwisha kwenda vijiji saba kuuliza, kwa ruhusa na wakati mwingine bila ruhusa. Mahali pengine nilifukuzwa.

Siku ile ya kijijini, mwalimu alikuwa amesema tungerudi pamoja mjini kabla ya alasiri. Nilipokuwa tayari, nilimkuta ameketi mkekani, ameweka mkoba kando, anachambua korosho na mama yake, kila mmoja upande wake. Aliniangalia tu akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara. Nikaaga kwa ishara, nikaenda kungoja usafiri peke yangu.