Mlango Uliofungwa Mchana

Nyumba ya Rosaria ilikuwa chumba kimoja cha chini, kilichofunguka moja kwa moja kichochoroni, katikati ya Napoli ya zamani. Dirisha hakikuwa nalo. Mlango ndio uliokuwa dirisha, ndio njia ya moshi, ndio baraza. Akikaanga bilinganya, kichochoro kizima kilijua. Akigombana na mumewe, kichochoro kizima kilikuwa shahidi. Wala hakuona vibaya. Alizaliwa Ponticelli, kwenye maghorofa ya pembeni ya mji ambako mtu hufa asijulikane mpaka anuke. Alipoolewa na Gaetano, fundi wa matairi, alifurahi kupata mahali ambapo jirani anakuuliza hali ya kikohozi chako kabla wewe mwenyewe hujakisikia.

Kilichomharibia ni kikombe cha kahawa.

Ilikuwa mwezi wa sita, jua la kupasua mawe. Bibi mmoja wa kigeni, aliyeachwa nyuma na kundi lake, akaegemea ukuta nje ya mlango, uso umemtoka rangi. Rosaria, na mwanawe Mimmo titini, akamvuta ndani, akamkalisha kitandani, akampepea kwa kifuniko cha sufuria, akamchemshia kahawa. Mtu aingie kwako atoke bila kahawa? Hata mdai hafanyiwi hivyo. Yule bibi akalia kwa furaha. Akapiga picha kitanda, jiko, Bikira Maria na taa yake, na Rosaria akinyonyesha.

Aliyekuja kumtafuta alikuwa Sasà, binamu yake Gaetano, ambaye kazi yake ni kutembeza wageni. Akasimama kizingitini, akatazama jinsi bibi alivyoing'ang'ania mikono ya Rosaria, akanyamaza. Sasà akinyamaza ujue kuna kitu anakipika.

Wahenga walisema hisani haiozi. Hii ya Rosaria haikumaliza wiki.

Sasà hakuzungumza na Rosaria. Alizungumza na Bi Vincenza, mama mkwe, mwenye chumba, aliyekaa ghorofa ya juu. Tangu hapo wageni waliokwisha kuliona kanisa kuu, wakashuka kwenye mapango ya chini ya mji, wakamtazama Kristo wa marumaru aliyefunikwa shela, waliletwa kumtazama Rosaria. Sasà aliinua mwavuli wake wa manjano na kutangaza, "Na hii sasa ndiyo Napoli yenyewe!" Vichwa vikajaa mlangoni. Rosaria alitakiwa awe kitini, blauzi wazi, mtoto kifuani. Bi Vincenza alipita katikati yao na mkebe.

"Mama, leo nimechoka," Rosaria alisema siku moja.

"Umechoka kukaa?" Bi Vincenza akapaza sauti ili kichochoro kifaidi. "Mimi nimefua shuka za watu mpaka magoti yakaota sugu. Wewe unalipwa kwa kunyonyesha! Ng'ombe wangapi wana bahati hiyo?"

Wanawake wakacheka roshani kwa roshani. Gaetano naye akacheka kidogo, halafu akamnong'oneza mkewe, "Vumilia. Ni mama yangu."

Majira ya mvua yalipoanza, Mimmo akabanwa na kifua. Mbavu zilizama kila akivuta pumzi. Daktari akatoa mashine ndogo ya mvuke, akaonya: asikae kwenye vumbi wala umati wa watu, na akipata usingizi asiamshwe kwa jambo lolote.

"Daktari!" Bi Vincenza akasonya. "Mtoto huyu tunamwita Mimmo, lakini amebeba jina la marehemu mume wangu. Domenico wangu hakujificha kwa mtu."

"Niurudishe mlango kidogo tu, mama, saa ile wanapopita."

"Ufunge mlango mchana? Kafa nani?"

Maana katika kichochoro kile watu waliugua mlango wazi, walipigana mlango wazi, walizaa mlango wazi. Mlango uliofungwa mchana ulisema jambo moja tu: humu mna maiti. Rosaria alilijua hilo, lakini alilijua kwa masikio. Kwao Ponticelli milango yote hufungwa siku zote, na hakuna anayeshtuka.

Ijumaa moja, baada ya kukohoa usiku kucha, Mimmo akalala karibu na adhuhuri. Alilala hasa, mdomo wazi, ngumi zimelegea, mbavu zimetulia. Rosaria alikuwa hajaziona mbavu zile zikitulia kwa siku nyingi. Kwa mbali akasikia kundi la Sasà likipanda kichochoro. Akafunga mlango, akazungusha ufunguo, akajilaza gizani kando ya mwanawe.

Haikupita dakika akamsikia Bi Titina, muuza sigara wa mlango wa pili.

"Mama Mtakatifu! Mlango! Jamani, mlango!"

"Nini?"

"Mtoto wa Rosaria! Kaenda!"

Viatu vikakimbia. Kilio kikalipuka, kikapanda mpaka roshani za juu. Rosaria, kiganja juu ya tumbo la mtoto linalopanda na kushuka, akasikia mwanawe akiwekewa matanga. Alitaka kuinuka aseme. Lakini Mimmo alikuwa amelala. Akawaza, watachoka, wataondoka.

Ndipo kundi likafika. Sauti ya Sasà ilikatika, akauliza kwa kilugha cha kwao, akajibiwa. Kisha, kwa sauti ya chini na ya heshima, Sasà akaanza kuwaeleza wageni wake. Kile Kiingereza chake Rosaria alishakizoea. Neno la mtoto na neno la kifo aliyajua. Sasà hakuwa akidanganya. Aliamini kabisa kwamba mtoto wa binamu yake amekufa, na bado akawaeleza. Simu zikaanza kupiga picha, ka, ka, ka.

Bi Vincenza akashuka na ufunguo wake. Mlango ukafunguka kwa kishindo, mwanga ukamwagika kitandani, Mimmo akashtuka na kulia.

Halafu mgeni mmoja, aliyedhani ni mchezo, akapiga makofi, na wenzake wakamfuata.

Bi Vincenza hakumtazama mtoto. Alimzaba Rosaria kofi.

"Umemzika mume wangu mara ya pili!"

"Alikuwa amelala, mama."

"Umemwita kifo! Jina la Domenico umelifungia ndani kama maiti!"

Jioni Gaetano alirudi akiwa ameshaambiwa yote. Alinawa grisi mikononi, polepole sana. "Muombe mama radhi. Kesho kaa mlangoni."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Rosaria akafunga nepi na nguo katika mfuko. Gaetano aliubeba mpaka kwenye kona ya kichochoro, akautua chini, akarudi.

Kwa mama yake Ponticelli, Mimmo alilala mlango umefungwa, na kikohozi kikapungua bila kuisha. Gaetano alipiga simu mara chache, kisha akaacha. Mashine ya mvuke ilikuwa imebaki. Usiku kifua kilipoanza tena kupiga filimbi, Rosaria aliamua kwenda kuichukua kesho yake, mtoto akamwacha kwa bibi yake.

Alikuta kichochoro kimejaa. Kati ya mabega ya wageni akakiona kiti chake. Juu yake alikaa mpwa wa Bi Titina, blauzi wazi, na mtoto wa watu aliyenona, mashavu mekundu.

"Huyu ni Rosaria," Sasà alikuwa akisema, "na huyu ni Mimmo."

Bi Vincenza akapenya hadi mbele yake, akamtikisia mkebe usoni kama wanavyotikisiwa wageni.

"Nimefuata mashine ya mtoto," Rosaria alisema.

"Mtoto yupi? Mtoto si yule pale, mzima kabisa?"

Mwanamke wa nyuma akamgusa bega, akamwonyesha kwa mkono asogee, anaziba picha. Rosaria hakusogea upande ule. Alipita katikati ya simu, akaruka miguu ya yule binti kitini, akaingia. Gaetano alikuwa mezani, uma mkononi, akimtazama. Mashine ilikuwa chini ya meza. Rosaria akapiga magoti, akachomoa waya ukutani, akauvuta.

Gaetano akainua miguu, waya upite.