Mke wangu aliacha ualimu akasome Masters ya mazingira, ukweni wakang'oa vigingi vya utafiti wake

Wakuu, mbukwenyi. Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu Dodoma.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kama mtu wa miaka arobaini na kitu anaweza kurudi chuo, akasoma Masters ya mazingira, halafu akabadili kazi. Wengi mlimwambia anapoteza muda.

Mimi niliishia form four, kwa hiyo sitajifanya mshauri. Nawaletea tu yaliyotokea nyumbani kwangu, bila chumvi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeuza zabibu barabarani, nimekuwa utingo wa malori ya Singida, nimechimba visima Manyoni. Kote huko, nikilala naota Gulwe, kijiji chetu kando ya reli kule Mpwapwa.

Tulikua tukichunga mbuzi kwenye vile vilima. Majani marefu, mbuzi akizama humo unamfuata kwa sauti ya kengele yake. Tunatafuna matunda ya mikole na kushindana kutema mbegu. Treni ikipita tunawapungia abiria tusiowajua, na wao wanatupungia kama ndugu.

Sijui kwa nini hayo hayanitoki, wakuu. Pengine ni umri.

Siku hizi vile vilima ni udongo mwekundu mtupu. Mvua ikipiga, maji yanashuka na kila kitu.

Sasa, mke wangu, Mama Eliya, alikuwa mwalimu wa Jiografia kwenye sekondari ya binafsi hapa mjini. Miaka mingi anafundisha mmomonyoko wa udongo. Jioni moja akaniambia, "Baba Eliya, nimechoka kuchora makorongo ubaoni. Nataka kwenda kuyaziba."

Kazi za kurejesha uoto alizokuwa akiziona zote zilitaka Masters. Akaomba ruhusa ya masomo, shule ikakataa. Akaacha kazi.

Hapo ndipo tulipoanza kutembea juu ya kamba. Asipomaliza chuo, kazi ya zamani hana, na mpya hana.

Darasani alienda vizuri, ingawa wenzake walikuwa vijana wanaomwita "mama". Shida ilianza kwenye utafiti.

Alichagua Gulwe. Nadhani hadithi zangu zilichangia. Mpango ulikuwa kutenga vipande vya malisho, mifugo isiingie msimu mzima wa mvua, halafu alinganishe majani ya ndani na ya nje. Serikali ya kijiji ikakubali. Tukapigilia vigingi vya mbao, tukavipaka rangi nyekundu vionekane kwa mbali. Baba mdogo Mika, mdogo wake marehemu baba, akatuchinjia kuku, tukarudi mjini na furaha.

Tuliporudi mvua zikiwa zinanukia, hakuna hata kigingi kimoja.

Watu wa Dodoma mlioko humu mmeshacheka. Tangu mji uanze kutanuka, huku kigingi chekundu kina maana moja tu: ardhi imepimwa, viwanja vinakuja, mwenyewe jiandae kuhama. Sisi tunaoishi humohumo hatukuliwaza hilo.

Supervisor akapiga simu, hana utani. Mvua ikianza bila maeneo, hakuna data. Hakuna data, ni kusubiri mwaka mwingine, na sisi akiba imekauka.

Tukaomba kikao. Watu wakajaa uani kwa baba mdogo.

"Mkwe," baba mdogo akaanza, "sisi tulikutolea ng'ombe. Leo unatuletea rangi nyekundu?"

"Shikamoo baba. Mimi sipimi viwanja, napima majani."

"Majani yanapimwa na ng'ombe!" shangazi yangu Mwendwa akadakia, watu wakaangua kicheko. "Tena kigingi kimoja nimepikia mlenda. Kimewaka vizuri, mkwe, usinune."

Nikataka kuingilia. Mama Eliya akanipa jicho, nikakaa.

Akauliza taratibu, "Shangazi, zamani wakati wa kiangazi, ndama na ng'ombe dhaifu walikuwa wanakula wapi?"

"Si kwenye milaga!"

Wakuu, lile neno lilinipiga kifuani. Milaga ni malisho ambayo kila kaya ilikuwa inayafunga wakati wa mvua, majani yakue, wanyama dhaifu wayale kiangazi. Unaweka matawi ya miiba njiani, basi. Hakuna aliyeingiza ng'ombe kwenye milaga ya mwenzake.

"Kuna mtu aliwahi kupigilia kigingi kwenye milaga?"

Shangazi akatikisa kichwa.

"Basi na mimi vigingi sitaki tena. Fungeni milaga yenu, kila kaya inapopenda, miiba mkate wenyewe. Nitakuja kupima majani tu. Kiangazi majani ni yenu, mimi naondoka na namba zangu."

Baba mdogo akajikuna ndevu. "Ukija tena na rangi, mkwe, tunadai ng'ombe wetu."

Kesho yake asubuhi yeye ndiye alikuwa wa kwanza na shoka, anakata miiba.

Supervisor alilalamika kwamba maeneo hayalingani ukubwa, mwisho akakubali Mama Eliya abadilishe njia ya kupima. Mvua ikanyesha. Shahada ikapatikana.

Siku ile ya kikao, njiani kurudi mjini, nilimuuliza milaga aliijua wapi. Akasema chuoni, kwenye somo la njia za asili za kutunza malisho. Mimi niliyezaliwa pale, ninayejisifu kuikumbuka Gulwe kila nikilala, nilikuwa nimeisahau kabisa.

Kazi haikuja mbio. Alikataliwa mara nyingi, pengine wakiangalia umri usoni kabisa. Halafu mradi mmoja wa Chemba ukamuuliza kwenye usaili: utawashawishije wafugaji waache majani msimu mzima? Akawasimulia vigingi na mlenda. Wakacheka, wakamchukua. Ni mkataba wa kuhuisha kila mwaka, sio ajira ya kudumu, nisiwadanganye.

Nilichojifunza: Masters haikufuta ualimu wake, iliupa mahali pengine pa kusimama. Na kama unakwenda kusoma ukubwani, fanyia utafiti pale ambapo ungependa kufanya kazi, kwa watu ambao wanaweza kukukatalia usoni. Nadhani ule ndio ulikuwa usaili wake wa kweli.

Mliorudi darasani mkiwa na watoto wa sekondari nyumbani, hebu semeni, ilikuwaje? Na mnaosema umri umekwenda, andikeni pia msiogope. Mwenyewe yuko porini Chemba, mtandao hakuna. Akirudi Ijumaa nitamsomea comments zote, naye ana ulimi, atajibu.